Ritoti au boraksi: kipi kitatuepusha na mvuke wa zebaki?

Mchenjuaji_Geita: Ndugu wanajukwaa, kikundi chetu hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha tunaichoma ili zebaki itoke. Tuna fedha za kununua kimoja tu: ritoti, yaani chombo cha kunasa mvuke wa zebaki, au meza ya kuchenjulia pamoja na boraksi, ile chumvi ya kuyeyushia dhahabu. Naomba ulinganisho.

Karasha_Chunya: Mkuu, hujasema dhahabu yenu ni ya chenga au ya unga, wala mnachomea wapi. Bila hayo tutabahatisha.

Mchenjuaji_Geita: Ni ya unga. Tunachomea jikoni kwa katibu, kwa kuhofia wizi.

Mama_Mwalo: Acheni leo, kabla hamjanunua chochote! Shemeji yangu alichomea miaka mingi katika chumba walicholala watoto, akijifunga kitambaa puani, ilhali kitambaa hakizuii mvuke. Vidole vilianza kutetemeka hata kikombe cha chai kikamshinda, fizi zikavuja damu, kisha akawa msahaulifu na mwenye hasira ambazo hatukuzijua kwake. Wengine walisema amerogwa. Zahanati ilimtibu malaria mara kadhaa bila kumuuliza kazi yake, hadi daktari mmoja alipoagiza mkojo upimwe zebaki.

Karasha_Chunya: Pole, mama. Mimi nachagua ritoti. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, na mvuke ukipita katika bomba lililopozwa kwa maji hurudi kuwa zebaki ya kutumika tena. Ila ifungwe barabara, itumiwe nje, na isifunguliwe kabla haijapoa.

Boraksi_Kwanza: Hata hivyo mtaendelea kukanda zebaki kwenye karai. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, huyeyusha dhahabu kwa boraksi bila zebaki kabisa, mradi mchanga uwe umeoshwa hadi ubaki mzito na safi.

Elusheni_Tu: Dhahabu ya unga itawapotea mezani. Pelekeni marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, kwenye sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu.

Mama_Mwalo: Marudio yenye zebaki? Yakikutana na sayanaidi huzaa sumu inayoyeyuka na kusafiri na maji. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka desturi hiyo ikomeshwe, sawa na kuchomea kwenye makazi.

Elusheni_Tu: Basi zebaki iondolewe kwanza kwenye marudio.

Boraksi_Kwanza: Kwa gharama ya nani?

Mchenjuaji_Geita: Katibu amekubali tuhamie mwaloni, kwenye eneo la kuchenjulia. Je, ritoti iliyochongwa na fundi wa mabomba huziba vizuri?

Karasha_Chunya: Inategemea kifuniko. Tuma picha yake kwanza.