Andiko limerudi mara ya tatu kwa sababu ya marejeo, kuhusu dagaa wenyewe hakuna aliyeuliza

Wakuu, habari za usiku. Niko Kigoma, saa tano imeshapita, usingizi umegoma kwa hasira. Jioni hii nimepokea barua pepe ya tatu kutoka jarida moja la kisayansi la nje. Silitaji kwa sababu andiko letu bado liko mikononi mwao. Andiko limerudishwa. Halijakataliwa, maana halijafika hata kwa wapitiaji, yaani wataalamu wanaolipima kabla ya kuchapishwa. "Marejeo hayajazingatia mtindo wa jarida," yaani namna tulivyoorodhesha vyanzo, basi, na tumepewa siku saba kurekebisha, la sivyo tuanze upya kama wageni.

Kwanza mjue limebeba nini. Miezi kumi na minne tumekuwa tukishuka mwaloni Kibirizi na Katonga kabla jua halijachomoza, tunapima dagaa wa mitumbwi iliyokesha ziwani na taa. Urefu, uzito, dume au jike, mayai yamekomaa au bado. Mama wanaoanika dagaa wametuvumilia na mizani yetu katikati ya biashara yao. Mwezi uliopita mmoja aliniuliza, "Mwanangu, yale majibu yenu yametoka?" Nikamjibu bado, mama. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba yamekwama kwenye mabano?

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, na kila mtu hapa anakumbuka alivyoishi miezi ile. Wavuvi wanataka kujua dagaa wanazaa zaidi lini, na wana haki ya kujua. Takwimu za mwalo wao tunazo sisi, na zimelala.

Sasa sikilizeni. Tulituma andiko kwa mtindo wa Harvard, jina na mwaka, kwa sababu mwongozo ulioko kwenye tovuti yao hadi usiku huu unasema hivyo. Wiki tano baadaye likarudi: siku hizi tunatumia namba, wekeni Vancouver. Kwa asiyejua tofauti, Harvard unamtaja mwandishi na mwaka palepale kwenye sentensi, na orodha ya mwisho inakwenda kwa alfabeti. Vancouver unaweka namba kwa kufuata chanzo kipi kimetajwa kwanza. Vyanzo vyetu ni 63. Ukichomeka kimoja aya ya pili, vyote vinavyofuata vinasogea, na majedwali nayo yana namba zake.

Kinachoniuma ni hiki: mtindo wa Vancouver ulitokana na mkutano wa wahariri wa majarida ya tiba mjini Vancouver, Kanada, mwaka 1978. Walikutana ili mwandishi aweze kupeleka mswada mmoja kwenye jarida lolote kati ya yao bila kuuandika upya. Ulikuja kutupunguzia mzigo! Leo ndio fimbo ya kutuchapia.

Najua kuna atakayesema tumia Zotero, ile programu ya kupanga marejeo. Naitumia, na ni ya bure, Mungu awabariki waliotengeneza. Lakini programu inapanga kile ilichopewa. Chukueni makala ya mwaka 2003 iliyotoka kwenye jarida la Nature, ya O'Reilly na wenzake, iliyoonyesha kwamba joto limepunguza uzalishaji wa Ziwa Tanganyika. Huwezi kuandika kuhusu dagaa wetu ukaikwepa. Mwandishi wa tatu ni Plisnier, na herufi za majina yake ya mwanzo ni P.-D., na kistari katikati. Tulipoandika P.-D. tukaambiwa tuondoe kistari. Tukaondoa. Barua ya leo inasema jina halilingani na chanzo, turudishe kistari. Juzuu na kurasa nazo hivyohivyo: tuliandika 424:766–768, wakataka namba ya toleo, tukaandika 424(6950), sasa wanasema namba ya toleo iondoke. Makala ni ileile ya kurasa tatu. Tangu mwanzo tumeweka DOI yake, namba ya kudumu ya makala mtandaoni, ukibonyeza unafika. Msomaji anahitaji nini zaidi ya kufika?

Na kuna vyanzo visivyo na DOI, wala havitakuja kuwa nayo. Miaka ya 1990 mradi wa FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) na Finland ulifanya utafiti kwenye ziwa hili lote, ripoti zake zikatolewa Bujumbura, zikiwa na alama ya GCP/RAF/271/FIN. Nyingi ya habari za zamani za uvuvi wa hapa zimo humo. Jarida linasema: wekeni DOI au ondoeni chanzo. Niondoe? Nilinganishe dagaa wa leo na nini? Humo kuna waandishi Warundi, ambao jina la Kirundi hutangulia na la ubatizo hufuata. Mkaguzi wao akatuagiza tugeuze, kwa hiyo kwenye orodha mtu aitwe kwa jina lake la ubatizo. Hilo nimelikataa na nitalikataa tena. Jina la mtu ni lake, halirekebishwi na mtu asiyemjua.

Lililonimaliza kabisa ni la Regan. Jina la kisayansi la dagaa wetu ni Stolothrissa tanganicae Regan, 1917. Wa aina ya pili ni Limnothrissa miodon (Boulenger, 1906), huyu ana mabano. Wametuandikia: mabano yafanane kote, na Regan 1917 aingizwe kwenye namba za marejeo. Jamani! Hayo si marejeo. Ni mtu aliyempa samaki jina na mwaka aliompa. Mabano ya Boulenger yana maana yake: samaki yule aliwekwa kwanza kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) Pellonula, baadaye akahamishwa. Regan hana mabano kwa sababu dagaa wake hajahama. Ni kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama, na hili ni jarida la samaki. Anayetukagua hajui, na hatujapewa hata nafasi ya kumjibu, kuna kitufe cha kutuma tu.

Nimefungua makala sita walizochapisha wao mwaka huu. Mbili zina namba ya toleo, nne hazina.

Inawezekana kufanya vizuri. Majarida mengi ya kampuni ya uchapishaji ya Elsevier yanapokea andiko la mara ya kwanza kwa mtindo wowote wa marejeo, mradi taarifa zimekamilika na mtindo ni mmoja mwanzo hadi mwisho. Nukta na mikato zinashughulikiwa andiko likishakubaliwa. Wapitiaji wasome kwanza, watuambie tumekosea wapi kuhusu samaki. Hilo nalitamani kwelikweli.

Wakuu, kama yupo aliyewahi kumwandikia mhariri mkuu moja kwa moja akimpita mkaguzi, naomba aniambie aliandikaje na alijibiwa nini. Siku saba zimeanza kuhesabika leo, na saa kumi na moja alfajiri natakiwa Katonga na mizani.