Mwangaza wa kijani juu ya ziwa jana jioni, ni kimondo ama ni nini?

Mtoto wa Dunga: Watu wa Kisumu mliona kile kitu jana?? Saa moja unusu hivi niko Dunga namsaidia shangazi kupanga samaki, giza limeshaingia, mara ufuo wote ukawa kijani hadi nikaona kivuli changu, kuangalia juu ni moto mkubwa unatoka upande wa Nandi unaelekea Homa Bay, na mkia mrefu, ukapasuka vipande vitatu ukazima. Sekunde nne tano tu. Nikampigia ndugu yangu kumuuliza kama ameona na tukiwa bado tunaongea ndio mngurumo ukaja, kama radi ya mbali na hakuna wingu hata moja. Simu ilikuwa inasoma dakika mbili na nusu. Sasa vijana wanasema imeanguka hapo nyuma ya magugu wanataka kwenda na boti. Ni kimondo ama satelaiti? Bado natetemeka jamani.

Mama Wawili, Ahero: Tuliona pia. Mama mkwe akavuta watoto ndani akisema kuna mtu mkubwa amekufa, sasa mdogo amekataa kulala.

Wa Lanet: Mimi niko Nakuru na niliiona, chini upande wa magharibi, bila sauti yoyote. Ingekuwa hapo nyuma ya magugu ningeionea wapi? Sauti hutembea kama kilomita 20 kwa dakika, kwa hivyo hiyo simu yako inasema ilipasukia kama kilomita 50 kutoka kwenu, na nyingi ya hizo ni za kwenda juu. Hicho ni kimondo. Satelaiti ikianguka huenda polepole, inakatika-katika hata dakika nzima. Tafadhali wazuie hao vijana, ziwa usiku si mchezo. Kama kuna jiwe lilifika chini litakuwa zito, ngozi nyeusi, na mara nyingi linashika sumaku, kama yale mawe ya kimondo yaliyoanguka Thika 2011. Mama Wawili, mwambie mdogo vimondo hupita kila usiku, vingi ni vidogo kama punje ya mchanga, hiki tu kilikuwa kikubwa kidogo.

Mtoto wa Dunga: Asante sana ndugu. Shangazi ameshaficha makasia.

Mama Wawili, Ahero: Nimemwambia. Sasa anataka tulale nje aone kingine.