Tupeane uzoefu: klabu ya bunilizi ya kisayansi Nairobi, ifanyweje isife mkutano wa tatu?

Kilimia
Kuna karatasi imebandikwa kwenye ubao wa matangazo maktabani: vijana wanaanzisha klabu ya bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi za kubuni zinazojengwa juu ya sayansi. Jina wanalo, nembo wanayo, hata fulana zimeshachorwa. Siku ya kukutana haimo. Hapo ndipo klabu nyingi za jiji hili zilipofia, kwenye "tutaarifiana". Wanaoijua kazi hii waandike kinachofaa na kinachoharibika, vijana wale wapate pa kushika.

Naanza na saa. Chagueni siku isiyohama, mfano Jumamosi ya pili ya kila mwezi, saa nane mchana hadi saa kumi na nusu. Saa ya kumaliza ina uzito kuliko ya kuanza. Anayerudi Rongai, Kitengela au Githurai anataka awe steji kabla ya saa kumi na mbili, na mvua ikinyesha nauli hupaa watu wakiwa bado kwenye foleni. Mkutano ukivutwa hadi magharibi, mwezi unaofuata wasichana hawaji, wanafunzi hawaji, wanabaki wenye magari. Asiyeweza Jumamosi ya pili mwacheni, atakuja mwezi mwingine. Mkihamisha siku ili kumfaa mmoja, mnawapoteza watano waliokwisha kujipanga.

Jirani wa Zuhura
Saa ya kumaliza ndiyo klabu yenyewe. Naunga mkono kwa mikono miwili.

Msomaji wa Umoja
Kilimia umesema saa, mimi nasema nakala. Klabu changa hutangaza riwaya ya kurasa mia nne, na wauza vitabu vya mitumba katikati ya mji wana nakala moja ya hiki na moja ya kile. Siku ya mkutano wamesoma wawili, waliobaki wanasikiliza. Miezi sita ya kwanza someni hadithi fupi. Maneno elfu tano hivi mtu huyamaliza kwenye matatu akienda na kurudi kazini.

Pia jueni sheria kabla ya kwenda saiba kutoa fotokopi. Hapa Kenya hati miliki ya maandishi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Waandishi wa mwanzo wa bunilizi hii, H. G. Wells alifariki 1946 na Jules Verne 1905, kwa hiyo kazi zao za asili mnachapa mnavyotaka. Angalizo kwa Verne: aliandika Kifaransa, na tafsiri ina hati miliki yake. Angalieni mfasiri ni nani na alifariki lini. Kitabu cha mwandishi aliye hai kinunuliwe.

Kwa Kiswahili, anzeni na riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995. Dzombo anahukumiwa, anapakiwa kwenye chombo cha angani, anafika sayari ambayo jina lake lenyewe ni fumbo: wale ni sisi. Igawanyeni kwa mikutano mitatu.

Mzee wa Fasihi
Ndugu Msomaji, hapo umepotoka. Walenisi ni istiara ya siasa. Chombo kile ni mlango tu wa kuingilia hoja, hakuna sayansi inayojengwa humo. Ukiwapa vijana kitabu hicho kama mfano wa bunilizi ya kisayansi, watadhani kupaa angani kunatosha.

Msomaji wa Umoja
Mzee wangu, kwa heshima: kuna sayari nyingine, kuna safari, na kuna jamii iliyopangwa upya tangu msingi ili msomaji aipime yake. Ukimtoa Mkangi, mtoe na Wells pia, maana mashine yake ya kusafiri kwenye wakati haikuelezwa inavyofanya kazi.

Mzee wa Fasihi
Wells anaanza na hoja ya wakati kuwa kipimo cha nne, baada ya urefu, upana na kimo, na kila kinachofuata kinatii hoja hiyo. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Mwalimu Kayole
Wazee, mabishano haya hasa ndiyo humaliza mkutano kabla kitabu hakijafunguliwa. Yapeni dakika kumi na tano, saa ya simu ikiwa mezani, na yafanywe mwisho, baada ya maswali ya kitabu. Yakiwa mwanzo, wageni hudhani wamekosea mlango.

Na neno: kwenye bango andikeni "bunilizi ya kisayansi". Mkiandika "hadithi za kisayansi" pekee, watakuja wazazi wakitafuta masomo ya ziada ya fizikia.

Fundi wa Luthuli
Nyote mnaongea vitabu. Mimi naandika kuhusu mavazi, kwa sababu kila klabu hufika mahali ikataka siku ya maonyesho, na hapo mtu anaweza kuungua.

Ilikuwa ukumbi wa mtaa mmoja Eastlands. Kijana alikuwa amejishonea vazi la roboti zuri sana: kifua na mgongo vimekatwa kutoka mikeka ya sponji ya watoto, ile inayoungana kama fumbo, ndani kote kumepakwa gundi na kubandikwa karatasi ya fedha ya jikoni ili mwanga urudi nje. Ukanda wa taa mita tano, volti 12. Betri zilikuwa seli tatu zilizotolewa kwenye kompyuta mbovu, zimeungwa mfululizo kwa risasi ya kuchomea, bila sakiti ya ulinzi na bila fyuzi ya kukata umeme ukizidi. Waya ulikuwa ule mwembamba wa spika. Zipu ilikuwa mgongoni, na rafiki zake walikuwa wameifunika kwa gundi tepe ya kijivu isionekane.

Pigeni hesabu. Ukanda wa aina ile hula wati 14.4 kwa mita, mita tano ni wati 72. Gawa kwa 12, ni ampea 6 kupitia waya wa spika. Ulikuwa unapata joto hata kabla ya ajali. Kijana akapanda jukwaani, akainua mkono kuwasalimu watu. Chini ya kwapa, pale waya ulipopinda, ukingo wa karatasi ya fedha ulikuwa umesugua ganda la waya tangu asubuhi. Shaba ya pande zote mbili za waya ikagusa karatasi ya fedha. Seli za aina hiyo zikikutanishwa chanya na hasi hutoa umeme mwingi kwa mara moja, wala hakuna cha kuukata. Kwanza harufu, kama sufuria ya plastiki iliyosahaulika jikoni. Kisha moshi mweusi shingoni. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Yeye alikuwa anapiga kelele, lakini kofia ilikuwa imeunganishwa na mabega na sauti haikutoka. Aliyegundua ni msichana wa kuuza soda, kwa sababu aliona magoti ya kijana yanatetemeka. Watu wanne waliivuta ile gundi tepe kwa kucha. Sponji ilikuwa imeyeyuka ubavuni na ikashika ngozi. Akabaki na lengelenge la ukubwa wa kiganja.

Jirani wa Zuhura
Mungu wangu. Walimpaka nini? Dawa ya meno husaidia ikipakwa haraka.

Dada Mirihi
Hapana, dadangu! Si dawa ya meno, si unga, si mafuta. Maji safi ya baridi ya bomba yanayotiririka, dakika ishirini kamili, kisha funika kwa plastiki safi ya kufungia chakula na upeleke hospitali. Kilichoshika kwenye ngozi usikibandue. Barafu pia usiweke.

Kasuku wa Pangani
Fundi, kwa hiyo taa tupige marufuku? Sisi tuna watu watatu wameshaanza kushona.

Fundi wa Luthuli
Usipige marufuku. Weka masharti mlangoni na uyakague mwenyewe.

Taa ziwe za volti 5, zitumie pawabenki. Pawabenki nzima hujikata yenyewe nyaya zikigusana. Ina tatizo moja: taa zikiwa chache mno, huona kama hakuna kinachotumia umeme na kujizima baada ya muda mfupi. Watu hudhani waya umekatika, wanafumua vazi zima. Ongeza kipande cha ukanda, itakaa imewaka. Anayeng'ang'ania volti 12 aweke fyuzi karibu kabisa na chanya ya betri, siyo mbali huko kwenye swichi. Mita mbili za ukanda ule hula ampea 2.4, basi fyuzi ya 3 inatosha. Karatasi ya fedha isiwe upande wenye waya. Rangi nyeupe hurudisha mwanga vizuri tu.

Sharti la mwisho halina majadiliano: mvaaji ajitoe mwenyewe, bila kusaidiwa, ndani ya sekunde kumi, mbele yako. Akishindwa, hapandi jukwaani. Na kila vazi la kufunika uso liwe na mtu wa kutembea nalo.

Kasuku wa Pangani
Sekunde kumi. Nimeandika. Lakini fyuzi ya 5 je? Hiyo ya 3 itakatika kila mara.

Fundi wa Luthuli
Ikikatika, kuna tatizo na imekwambia. Usiipandishe kabla hujalipata.

Mwalimu Kayole
Nimesoma ya Fundi mara mbili. Maonyesho ya filamu hayachomi mtu, ila yana mitego yake. Projekta nyingi za kukodi, ukiziweka mita 3 kutoka ukutani, hutoa picha ya upana wa mita 2 hivi. Pimeni chumba kabla ya kulipa. Waya wa HDMI, ule wa kuunganisha kompyuta na projekta, hubeba na sauti, kwa hiyo sauti hutokea kwenye kispika kidogo cha projekta na waliokaa nyuma hawasikii kitu. Ingieni kwenye mipangilio ya kompyuta, mrudishe sauti kwenye tundu la spika. Faili la manukuu, yale maandishi ya maneno yanayotokea chini ya picha, lipewe jina lile lile la filamu, herufi kwa herufi. Stima zikipotea, projekta yenye balbu isiwashwe papo hapo zikirudi, ipoe dakika tano kwanza.

Filamu ya kwanza iwe fupi. Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya 2009, ni dakika ishirini na kitu, na yote ni kuhusu maji, jambo ambalo Mnairobi yeyote mwenye mitungi jikoni analielewa. Mtabaki na zaidi ya saa nzima ya kuzungumza. Mkialika umma, filamu iwe imeainishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na mwenye filamu awe ametoa ruhusa.

Dada Mirihi
Hela: shilingi mia mbili kwa mwezi, tangu mkutano wa kwanza. Asiyelipa hajioni mwanachama.

Msomaji wa Umoja
Sikubali. Usimtoze mtu kabla ya mkutano wa sita. Mia mbili ni nauli ya mwanafunzi kwenda na kurudi. Mtamfukuza yule yule anayesoma sana.

Dada Mirihi
Na ukumbi utalipiwa na nani hiyo miezi sita? Mnaanza na mtu mmoja mwenye moyo mzuri, mwezi wa nne amechoka, klabu imeisha.

Kilimia
Mwanafunzi hamsini, mwenye kazi mia mbili. Na zisikae kwenye simu ya mweka hazina pamoja na hela zake za unga, hata akiwa mwaminifu kama malaika, maana siku simu ikipotea hakuna atakayejua zipi ni za nani. Fungueni akaunti ya kikundi, watia sahihi wawili au watatu. Kwa hiyo mtahitaji kusajiliwa: Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi, katiba na kumbukumbu za mkutano. Kwa hiyo andikeni kumbukumbu tangu siku ya kwanza.

Mzee wa Fasihi
Hamjagusa jarida. Klabu bila jarida haina kumbukumbu ya ilichofikiri. Kurasa ishirini za A5, yaani karatasi tano za A4 zilizokunjwa. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Mpangilio: kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi zijumlishwe zipate 21. Karatasi ya nje ina 20 na 1 upande mmoja, 2 na 19 upande wa pili. Ya ndani kabisa ina 10 na 11, nyuma yake 12 na 9. Mwambieni wa saiba ageuze kwa ukingo mfupi. Akigeuza kwa mrefu, kila ukurasa wa nyuma unatoka kichwa chini. Toeni nakala moja kwanza, mkunje, msome yote, ndipo mseme hamsini.

Kasuku wa Pangani
Mzee, na pini za katikati? Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo.

Mzee wa Fasihi
Omba stepla ya mkono mrefu pale pale mnapochapa. Wasipokuwa nayo, ifungue ya kawaida iwe wazi kabisa, laza jarida juu ya kadibodi nene mgongo ukiangalia juu, piga pini mbili zizame kwenye kadibodi. Bandua taratibu, geuza, kunja miguu ya pini ndani kwa mgongo wa kijiko.

Kasuku wa Pangani
Nimejaribu sasa hivi na daftari kuukuu. Zimekaa.