Whig hawakuuawa na bahati mbaya, acheni kuwatetea!

Wakuu, nimechoka. Kila mjadala wa historia ya Marekani ukigusa chama cha Whig, kile kilichoshindana na Democrat karne ya 19 kisha kikafa, wanajitokeza watu na wimbo uleule: "Maskini, marais wao walifia madarakani, wangefika mbali." Jamani! Kile chama kilijichimbia kaburi, na leo tuseme bila kuoneana haya.

Aliyekijenga na kukipa sera ni Henry Clay: benki ya taifa, ushuru wa kulinda viwanda, barabara na mifereji. (Ndiyo, alimiliki watumwa kule Kentucky, na hapo simtetei hata kidogo.) Desemba 1839, mkutano mkuu wa chama mjini Harrisburg, wa kuteua mgombea urais, ukamkata jina. Nafasi akapewa Jenerali William Henry Harrison, kisa anauzika. Ilani hawakutoa kabisa! Mtoto wa gavana, ambaye baba yake alisaini Tamko la Uhuru, wakamnadi kama mtu wa kawaida, wa kibanda cha magogo na pombe ya matufaha.

Sasa mgombea mwenza, na hapa ndipo damu inanichemka. John Tyler alitoka Democrat kwa sababu ya ugomvi na rais wao Andrew Jackson, lakini benki ya taifa hakuitaka tangu zamani na viongozi walimjua. Wakamweka ili kuwaridhisha watu wa majimbo ya Kusini, yenye utumwa. Harrison akaapishwa tarehe 4 Machi 1841, tarehe 4 Aprili akafa. Tyler akaingia, akaipigia miswada ya benki kura ya turufu mara mbili. Septemba mawaziri wote wakajiuzulu, akabaki Daniel Webster peke yake, na chama kikamfukuza uanachama rais wake chenyewe. Kifo cha Harrison sawa, ni kazi ya Mungu. Tyler je, nani alimleta?

Mwaka 1848 wakarudia kosa lilelile. Clay akakatwa tena, akasimamishwa Zachary Taylor, jenerali ambaye hakuwahi kupiga kura maishani mwake na aliyemiliki watumwa zaidi ya 100. Akafa Julai 1850. Millard Fillmore akarithi kiti, akasaini sheria ya kukamata watumwa waliotoroka, iliyomnyima mtoro hata nafasi ya kujitetea kwa kinywa chake. Watu waliokimbilia Boston, kusikokuwa na utumwa, wakarudishwa utumwani chini ya ulinzi wa askari. Hilo ndilo mnalotaka tulilie?

Mwaka 1852 wakamtosa Fillmore naye baada ya raundi 53 za kura, wakaleta jenerali wa tatu, Winfield Scott. Akashinda majimbo 4 tu kati ya 31!

Anayewatetea aje anieleze Clay alikatwa 1848 kwa kosa gani. Na asiniambie alishindwa urais 1844. New York ndiyo iliyoamua uchaguzi ule, na aliikosa kwa kura kama 5,000 tu.