Naomba ushauri: kumpeleka shangazi kwenye makaburi ya MV Bukoba, Igoma

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Shangazi yangu anakuja Mwanza kutoka Bukoba mwezi ujao. Mdogo wake alikuwa ndani ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na mwili wake haukutambuliwa. Ukoo unaamini amezikwa Igoma pamoja na wenzake, ila bibi wa watu hajawahi kufika pale. Tangu mwaka ule hapandi meli. Atakuja kwa basi, na afadhali sasa daraja la Kigongo–Busisi limemwondolea hata kivuko.

Nilipita pale mwenyewe Jumapili jioni nikakuta pamefungwa, hakuna hata mtu wa kumuuliza. Mama anayeuza mahindi ya kuchoma jirani akaniambia watu huja mwezi wa tano tu, siku ya kumbukumbu. (Inasikitisha kidogo. Daladala za Kisesa zinapita barabarani hapo kutwa nzima, abiria hata hawageuzi shingo.) Nimepiga simu ofisi moja, nikaambiwa nipige nyingine, nayo haipokei.

Kwa waliowahi kuingia siku za kawaida: kibali au ufunguo unaombwa kwa nani, serikali ya mtaa au halmashauri? Na je, kuna orodha yoyote ya majina ya waliozikwa pale ambayo ndugu anaruhusiwa kuiona? Shangazi anatembelea fimbo, sitaki nimfikishe getini halafu turudi.

Natanguliza shukrani.