Naomba ushauri: kiti cha mtoto kwenye Prado ya 1997

Wakuu, habari za saa hizi. Nina Prado ya 1997, milango mitano. Mwanangu ana miezi 10, kilo 9. Gari halina ISOFIX (vile vyuma vya kwenye siti vya kupachikia kiti cha mtoto), hivyo kiti lazima kifungwe kwa mkanda wa gari. Siti ya nyuma katikati ina mkanda wa kiunoni tu. Pembeni upo unaopita begani, ila kiti nilichojaribishia dukani mkanda uliishia njiani, haukufika kwenye kile kidude cha kuchomekea. Nataka kinachotazama nyuma, shingo ya mtoto bado laini. Wenye Prado za zamani mnatumia kipi? Vya mtumba naviogopa, huwezi kujua kama kilishapata ajali. Bajeti laki tatu, nikibanwa sana nne.