Naomba ushauri: nampeleka baba Tanga, siku mbili tu

Habari zenu wapendwa. Tangu nikiwa mdogo baba ananisimulia vita vya Novemba 1914: Waingereza na askari wao wa Kihindi walivyoshuka Ras Kasone, wakatimuliwa na jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, nyuki nao wakawavamia. Mwezi ujao nataka asimame pale penyewe, aone na makaburi. Magoti yanamsumbua, bajaji inafika mpaka karibu?

Halafu chakula. Mama yake alikuwa Mdigo, na tangu tumzike bibi, baba hajala ugali wa bada, ule wa muhogo, kwa samaki wa kupaka. Wenyeji, nitampatia wapi? Sitaki wa hotelini. Nataka uliosongwa nyumbani, unaofuka moshi, nazi imekolea.